Kikopo kinachosubiri pikipiki

Mashine inayotambua kifua kikuu kwa chini ya saa mbili ipo hospitali ya wilaya. Mgonjwa yuko mlimani. Makala haya yanafuata makohozi yake njiani.

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa, katika zahanati moja kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, mama wa makamo anapewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kusokota. Anaelekezwa aende nyuma ya jengo, penye upepo. Nesi anamsindikiza hadi mlangoni na kumkumbusha tena.

"Siyo mate, mama. Vuta pumzi mpaka ndani, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua."

Mjukuu wake wa miaka miwili amebaki kwenye benchi na kipande cha muhogo mkononi. Naye anakohoa kidogo, kikohozi chepesi ambacho hakuna mtu anayegeuka kukisikiliza.

Bibi anarudi baada ya dakika kumi akihema kama aliyepanda kilima na mzigo wa kuni. Ndani ya kikopo kuna makohozi mazito, yapata kijiko kimoja. Nesi anaandika namba ubavuni mwa kikopo. Haandiki kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana maabara na jibu la mtu mmoja likaenda kwa mwingine. Anakitia kwenye mfuko, kisha kwenye kasha la barafu pamoja na vingine vitatu.

Mama huyu amekohoa kwa wiki sita. Amenunua dawa ya kikohozi dukani mara mbili na kumeza antibiotiki dozi moja. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwomba makohozi.

Pikipiki inayobeba sampuli kwenda hospitali ya wilaya hupita Jumanne na Ijumaa. Saa sita inapita, haijafika. Saa tisa nesi anapiga simu na kuambiwa kwamba mvua ya usiku imekata njia kwenye kijito. Jokofu pekee la zahanati ni la chanjo, na makohozi hayaruhusiwi kuingia humo. Nesi anabadilisha mabarafu kwenye kasha, analifunika kwa khanga kulikinga na jua la dirishani, na tunaendelea kungoja.

Mhariri alinituma kuandika kuhusu mashine. Swali lake lilikuwa jepesi kuuliza: kama kipimo cha saa mbili kipo, kwa nini watu wengi bado wanaugua kifua kikuu bila kujulikana? Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB duniani. Waliogunduliwa na kuripotiwa ni milioni 8.2. Waliokufa ni milioni 1.25. Tanzania imepiga hatua kubwa tangu 2015 katika kupunguza vifo, lakini bado imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu.

Kati ya hao milioni 8.2 waliogunduliwa, chini ya nusu, asilimia 48, ndio walioanza kwa kupimwa na kipimo cha haraka cha vinasaba. Waliobaki walipimwa kwa hadubini, au walisomwa kwa picha ya kifua na dalili tu.

Bakteria mwenye koti la nta

Robert Koch alitangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amempata bakteria anayeleta ugonjwa huu. Shida aliyokutana nayo siku zile ndiyo inayosumbua maabara mpaka leo. Bakteria huyu, *Mycobacterium tuberculosis*, amevaa ukuta wenye mafuta mazito kama nta, na rangi za kawaida za maabara hazimwingii.

Wajerumani wengine wawili, Ziehl na Neelsen, ndio walioacha majina yao kwenye njia inayotumika mpaka sasa. Makohozi hupakwa kwenye kioo, yakamiminiwa rangi nyekundu, kisha kioo kikapashwa moto ili nta ilegee na rangi ipenye. Halafu husuuzwa kwa asidi na spiriti. Kila kitu kinapoteza rangi isipokuwa bakteria huyu, ambaye nta yake imeishika. Mwisho hupakwa buluu. Anayechungulia kwenye hadubini huona vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu.

Ni njia ya bei nafuu, na karibu kila mtaalamu wa maabara aliyesomea nchini anaijua. Kasoro yake ni kwamba makohozi ya ujazo wa mililita moja yanapaswa kuwa na bakteria kati ya 5,000 na 10,000 ndipo wapate kuonekana. Mtu anayeishi na VVU mara nyingi hana wengi kiasi hicho kwenye makohozi, hata kama mapafu yanaharibika. Mtoto mdogo hatoi makohozi kabisa, kwa kuwa huyameza.

Lipo na jicho la mtu. Ili kusema kwa haki kwamba hakuna kitu, mtaalamu anatakiwa kukagua sehemu 100 za kioo kimoja. Kazi hiyo inachukua dakika kadhaa kwa kila kioo, na baada ya vioo 20 hivi kwa siku macho huanza kudanganya. Nimekaa na mtaalamu aliyekuwa na vioo zaidi ya hivyo mezani, yuko peke yake, na wakati huohuo akiitwa kwenda kupima damu ya mama mjamzito. Siwezi kumlaumu kwa chochote alichokikosa siku ile.

> Makohozi yanahitaji bakteria kati ya 5,000 na 10,000 kwa mililita ndipo hadubini iwaone.

Njia ya pili ni kuotesha. Hii inaona hata bakteria 10 hadi 100 katika mililita moja, na ndiyo mizani ambayo vipimo vingine vyote hupimwa kwayo. Ila bakteria huyu ni mzito wa kuzaliana. Bakteria wa tumboni anajigawa kila dakika 20, huyu huchukua karibu siku nzima. Kwenye chombo kigumu, jibu linaweza kuchukua wiki nane. Kwenye kimiminika, maabara hungoja hadi siku 42 kabla ya kusema hakuna. Tena kazi yenyewe hutaka chumba maalumu chenye hewa inayovutwa ndani na kuchujwa, kwa usalama wa wafanyakazi. Vyumba vya namna hiyo vinahesabika nchini, kikiwemo cha Maabara Kuu ya Taifa ya Kifua Kikuu iliyopo Muhimbili.

Tanzania ina historia ya kujivunia katika hadubini. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa 1977, na daktari Karel Styblo aliufanyia kazi hapa pamoja na Watanzania: kupima makohozi katika vituo vya kawaida, kusimamia umezaji wa dawa, kuandika kila mgonjwa kwenye rejesta na kumfuatilia mpaka mwisho. Miaka ya 1990 WHO iliupeleka utaratibu huo duniani kote. Rejesta ninazoziona kwenye meza ya zahanati hii, zenye safu zilezile na karatasi iliyochakaa pembeni, ni wajukuu wa kazi ile.

Mashine ya saa mbili

Desemba 2010 WHO iliidhinisha kipimo cha GeneXpert. Makohozi huchanganywa na dawa, hutikiswa, huachwa dakika 15, kisha humiminwa kwenye katriji ya ukubwa wa kiganja. Mashine inafanya yaliyobaki. Chini ya saa mbili inajibu maswali mawili: kuna vinasaba vya bakteria wa TB? Na je, vina mabadiliko yanayoashiria usugu kwa dawa ya rifampisini?

Toleo la kwanza liliona bakteria wapatao 131 kwa mililita. Toleo la Ultra, lililopendekezwa na WHO mwaka 2017, huona hata 16. Ukilinganisha na hadubini, ni kama kutoka kwenye koroboi hadi kwenye tochi.

Jibu la usugu lina uzito wake. Zamani mgonjwa wa TB sugu alimeza dawa kwa miezi 18 au zaidi na kuchomwa sindano, na baadhi walitoka wamepoteza usikivu wa masikio. Tangu 2022 upo mchanganyiko wa dawa nne unaotumika miezi sita tu, bila sindano. Wagonjwa wa kwanza wa TB sugu nchini walianza kutibiwa mwaka 2009 Kibong'oto, hospitali iliyoanza 1926 kama kituo cha kutengea wagonjwa wa kifua, wilayani Siha, Kilimanjaro. Lakini hakuna anayeweza kumpa mgonjwa dawa hizo za miezi sita bila maabara kusema kwanza bakteria wake anakataa dawa ipi.

Kwa hiyo nilitarajia kusikia watu wakiisifu mashine. Wanaisifu. Halafu wanaanza kubishana.

Funzo la Mbeya

Mwaka 2014 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika katika vituo vya afya ya msingi vya Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania, ambako kazi ilifanyika Mbeya. Wagonjwa 1,502 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wapimwe kwa hadubini, nusu kwa GeneXpert iliyowekwa palepale kituoni na kuendeshwa na manesi waliofunzwa siku moja.

Manesi waliimudu mashine. Asilimia 24 ya waliopimwa kwa mashine walipata jibu la kuwa na TB siku hiyohiyo, dhidi ya asilimia 13 wa hadubini. Lakini miezi miwili baadaye, na hata miezi sita, afya ya makundi hayo mawili haikutofautiana. Matabibu, kumbe, walikuwa tayari wanawaanzishia dawa wagonjwa wengi kwa dalili na picha ya kifua, jibu la maabara liwepo lisiwepo.

Matokeo haya yamesomwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema: kama tabibu mzoefu anaweza kukisia na mgonjwa akapona, kwa nini tutumie fedha nyingi kwenye katriji? Na wapo, wengi wao watu wa maabara, wanaojibu kwamba tiba ya kukisia humsaidia mwenye TB ya kawaida, lakini humtesa asiye na TB kwa dawa za miezi sita na kumwacha mwenye TB sugu akimeza dawa zisizomfaa huku akiambukiza nyumba nzima.

Mimi niko upande wa maabara. Ila nadhani pande zote mbili zinaangalia chumba cha daktari, ambako mgonjwa ameshafika. Kwenye benchi hili la zahanati kuna kikopo ambacho hakijafika popote.

> "Wameshafika hospitali" ni hadithi ya wenye bahati. Kikopo cha zahanati kina safari yake.

Ndiyo maana mabishano makubwa ya sasa ni kuhusu mahali pa kuweka kipimo. Mashine kubwa hutaka umeme usiokatikakatika, chumba kisicho na vumbi wala joto kali, na fundi wa kuikagua kila mwaka. Hospitali ya wilaya inaweza kuvitimiza, ikijitahidi. Wanaotaka sampuli zikusanywe huko wana hoja: mashine moja yenye nafasi nne hupima sampuli kama 16 kwa siku ya kazi, na zahanati inayopata wahisiwa wawili kwa wiki itaiacha ikae bure hadi katriji ziishiwe na muda wake.

Wanaotaka kipimo kimfuate mgonjwa nao wana hoja, na sasa wana ushahidi. Katika vituo vya afya ya msingi vya Tanzania na Msumbiji, watafiti walijaribu kuweka mashine ndogo ya Truenat, iliyobuniwa India na inayoweza kutumia betri, pamoja na utaratibu wa kutoa jibu na dawa siku hiyohiyo. Walioanza dawa ndani ya siku saba walikuwa wengi kuliko katika vituo vilivyopeleka sampuli mbali.

Naona neno la kukazia hapo ni "utaratibu". Mashine iliwekwa pamoja na mtu wa kuiendesha, dawa kabatini, na amri kwamba mgonjwa asiondoke bila jibu. Mbeya ya mwanzo ilikuwa na mashine. Jaribio la Truenat lilikuwa na njia nzima.

Bei ya katriji

Septemba 2023, baada ya miaka ya shinikizo la wanaharakati na madaktari, bei ya katriji kwa nchi zenye kipato kidogo ilishuka kutoka dola 9.98 hadi dola 7.97. Waliokuwa wakipiga kelele walitaka dola tano, na bado wanazitaka. Hadubini inahitaji chupa za rangi na kioo.

Halafu ukaja Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Machi mwaka huo WHO ilieleza kwamba katika nchi nyingi zilizotegemea fedha hizo, usafirishaji wa sampuli na ununuzi wa vifaa vya maabara ni miongoni mwa vilivyoyumba kwanza. Ukikata fedha za dawa, watu wanapiga kelele siku hiyohiyo. Ukikata mafuta ya pikipiki, hakuna anayepiga kelele, kwa kuwa aliyeathirika hajui bado kwamba anaumwa.

Hadubini isitupwe

Kuna watu wanaodhani mashine ikija, hadubini iende stoo. Wangojee kidogo. GeneXpert husoma vinasaba, na vinasaba vya bakteria aliyekufa hubaki kwenye mapafu kwa muda mrefu. Mgonjwa aliyemeza dawa vizuri kwa miezi mitano anaweza bado kuonekana ana TB kwenye mashine. Kujua kama anapona, maabara inarudi kwenye hadubini, au kuotesha.

Kuna vipimo vingine vinavyopita pembeni ya makohozi. Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye hali yake ni mbaya, upo utepe wa mkojo unaotafuta kipande cha ukuta wa bakteria na kujibu kwa dakika 25, bila umeme. Kwa mtoto, WHO inakubali kupima choo chake kwa GeneXpert, kwa sababu makohozi aliyoyameza huishia huko. Kabla ya hapo, kumpima mtoto kulimaanisha kumpitisha mpira puani mpaka tumboni alfajiri, kabla hajala. Mzazi aliyewahi kumshika mtoto wake wakati wa kazi ile hahitaji kuelezwa faida ya kikopo cha choo.

Na wapo panya buku. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO linawafunza panya hawa kunusa makohozi yaliyokwisha kuuawa vimelea kwa moto. Panya anapita juu ya matundu yaliyopangwa mstari, na penye TB husimama na kukwaruza. Anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Kazi kwa wagonjwa ilianza 2007, kwa makohozi ya vituo vya Dar es Salaam na Morogoro, na hesabu za shirika lenyewe zinaonyesha kwamba panya huongeza wagonjwa wanaogunduliwa kwa karibu asilimia 40 juu ya wale waliopatikana vituoni.

WHO haijaidhinisha panya kuwa kipimo. Kila anachokionyesha lazima kithibitishwe kwa hadubini au mashine ndipo mgonjwa aitwe. Nadhani huo ni uamuzi wa haki. Ila nisisahau kwamba wengi aliowapata panya walikuwa wamerudishwa nyumbani wakiambiwa hawana kitu.

Ndugu zake bakteria huyu

Wataalamu wa maabara niliozungumza nao walitumia muda mwingi kwenye jambo ambalo sikulitarajia: siyo kila kijiti chekundu ni TB.

Ukoo wa maikobakteria ni mkubwa. Wengi wanaishi kwenye udongo na maji, na baadhi huingia kwenye mapafu yaliyokwisha kudhoofika, kwa makovu ya TB ya zamani au kwa vumbi la mgodini. Chini ya hadubini wote wanafanana, na wanaoingia mapafuni huleta kikohozi na kukonda. Lakini dawa zao ni nyingine, na baadhi hawasikii kabisa dawa za TB. Mgonjwa wa namna hii hupewa dawa, hapati nafuu, vijiti bado vinaonekana, na mwisho huhesabiwa kuwa ana TB sugu.

Ishara iko wazi kwa anayeijua: hadubini inasema ndiyo, GeneXpert inasema hapana. Hapo sampuli inapaswa kuoteshwa na kutambuliwa kwa jina. Kwa wachimbaji wa Mirerani, ambao vumbi la mawe huacha kwenye mapafu yao alama zinazofanana na TB kwenye picha ya kifua, kukosea huku kunaweza kuchukua miaka ya maisha ya mtu.

> Hadubini inasema ndiyo, GeneXpert inasema hapana. Hapo ndipo sampuli inapaswa kuoteshwa.

Ndugu mwingine ni *Mycobacterium bovis*, wa ng'ombe. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Rudovick Kazwala wa Sokoine waliripoti kumkuta katika mitoki ya shingo ya wagonjwa wa Tanzania. Anapitia kwenye maziwa yasiyochemshwa. GeneXpert humwona na kumwita TB tu, bila kumtofautisha, ilhali kwa asili yake haogopi pirazinamidi, moja ya dawa nne za mwanzo. Katika nchi ya wafugaji, nilishangaa jinsi swali la maziwa linavyoulizwa mara chache mgonjwa anapofika na uvimbe wa shingo.

Jumatatu, saa nane mchana

Pikipiki ilifika Jumamosi asubuhi, imeloa tope hadi kwenye taa. Kijana aliyeiendesha alikuwa ameivusha kijito akisaidiwa na watu wawili. Hospitalini wikiendi hakuna anayepima makohozi. Jumatatu, kati ya nafasi nne za mashine, moja ilikuwa haifanyi kazi, ikisubiri fundi.

Saa nane mchana ujumbe uliingia kwenye simu ya nesi. Bakteria wameonekana. Usugu wa rifampisini haujaonekana.

Alifungua rejesta na kupiga namba iliyoandikwa. Ilikuwa ya jirani, na haikupatikana. Akapiga tena. Kisha akamwita mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijana anayeijua njia ya juu, akamwelekeza nyumba kwa miti na kwa jina la mume marehemu.

Kijana alikuwa ameshatoka mlangoni alipoitwa arudi. Nesi alikuwa ameshika kikopo kingine, safi, chenye kijiko kidogo ndani ya kifuniko.

"Hiki ni cha choo," alisema. "Cha yule mtoto. Analala na bibi yake."

Kijana akakitia mfukoni na kuanza kupanda.